Ndege ya kamba na samahani niliyodaiwa na mwanangu

Huku Dayton, Ohio, baridi imetuaga na nyasi zimerudi, na leo nina maneno na akina baba. Akina mama karibuni pia, maana ninyi ndio mtakaowasomea wale watakaosema hawana muda.

Mji huu ninaoishi ndio uliowalea Orville na Wilbur Wright. Ndugu hao walikuwa na duka la baiskeli hapa, na mwaka 1903 wakarusha ndege yao yenye injini kule Kitty Hawk, North Carolina. Kila mtoto hapa anafundishwa habari hiyo shuleni, na mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 14, ameikariri. Mimi niliiona ni habari ya watu wa zamani, haituhusu.

Nafanya kazi ya usiku ghalani. Ninaporudi asubuhi, watoto wanatoka kwenda shule. Wanaporudi wao, mimi nachemsha chai ya kuniamsha nijiandae kutoka. Kwa karibu miaka mitatu, maongezi yangu na kijana wangu yalikuwa maswali mawili na amri moja: Umekula? Umesoma? Zima simu. Nilijiambia kwamba baba anayelipa kodi ya nyumba amekwisha kusema mengi.

Jirani yetu ni mzee mstaafu aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote. Watoto wangu wanamwita Babu, naye amelipenda jina hilo. Novemba iliyopita alimwomba kijana amsaidie kuhamisha maboksi kutoka chumba cha chini ya nyumba. Kijana akarudi amekumbatia boksi moja kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na mbao nyembamba za balsa, ramani iliyokunjwa hadi ikaanza kuchanika, na injini ndogo inayoenea kiganjani. Babu alikuwa ameianza ndege hiyo na mwanawe miaka mingi nyuma. Kazi za saa za ziada zikaingia kati, mtoto akakua, akahamia jimbo lingine. Boksi likabaki.

"Imalizeni," aliniambia nilipokwenda kushukuru. "Lakini msigawane kazi. Kaeni meza moja."

Niwaeleze ni ndege gani. Si ya rimoti. Inaitwa ndege ya kamba kwa sababu inaongozwa na nyaya mbili nyembamba za chuma, zenye urefu wa mita 18 hivi. Rubani anasimama katikati ya uwanja ameshika kishikio, na ndege inamzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Akiinamisha kishikio juu au chini, waya mmoja unavutwa na mwingine unaachia. Ndani ya bawa kuna kipande kinachozunguka kwenye msumari wake kama mkono wa mizani, nacho kinasukuma fito ya chuma hadi mkiani. Ubao wa mkia ukikunjwa juu, ndege inapanda. Ukikunjwa chini, inashuka.

Aliyeufanya mchezo huu ujulikane Marekani ni Jim Walker wa Portland, Oregon, kabla nchi hii haijaingia Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita vijana waliupenda sana, na mafundi wakaanza kuchora ndege za kufanya michezo hewani: kugeuka duara, kuruka kichwa chini, kuchora namba nane na pembetatu angani. Ndege tuliyopewa ni Nobler, iliyochorwa na George Aldrich wa Texas mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 127 hivi. Leo wapenzi wa mchezo huu wana mashindano maalumu ya ndege za kale, yaani zile zilizobuniwa kabla ya mwisho wa mwaka 1969, na Nobler ni miongoni mwa zinazopendwa sana.

Basi tukaanza, kila Jumapili alasiri, kwenye meza ya kulia. Mama watoto alitoa sharti moja, kwamba kabla ya chakula cha usiku meza iwe meza tena.

Mimi ni fundi magari niliyejifunzia kazi Tanga. Mikono yangu imezoea spana na nyundo. Balsa ni mti unaotoka Ecuador kwa wingi, na wepesi wake huwezi kuuamini mpaka uushike. Siku ya kwanza tu nilivunja mbavu tatu za bawa kwa kidole gumba. Kijana hakucheka. Alichukua kipande kilichobaki, akakata mbavu nyingine kwa wembe, polepole, akazipiga msasa mpaka zikalingana na wenzake. Nilimtazama nikashangaa. Huyu ndiye mtoto niliyekuwa nikimwita mvivu?

Kazi ya bawa haitaki haraka. Ramani inatandazwa juu ya ubao ulionyooka, inafunikwa kwa plastiki ili gundi isishike, kisha kila ubavu unasimamishwa mahali pake na kubanwa kwa pini. Ukitoa pini kabla gundi haijakauka, bawa linajikunja kidogo, nawe huoni. Utapaka rangi, utapamba, lakini ndege itaruka upande mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo tulisubiri sana. Na watu wawili wanaosubiri gundi ikauke, mwishowe huongea.

Ni katika kusubiri huko nilipojua kwamba alipoanza shule hapa, wenzake walimcheka matamshi yake mwaka mzima, akawa anakula chakula cha mchana peke yake maktabani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Baba, ulikuwa umelala." Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza saa tu.

Tuliendelea. Kwenye ncha ya bawa la nje tuliweka risasi ya gramu 28 hivi, ili kufidia uzito wa nyaya unaovuta upande wa ndani. Injini tuliifunga ikitazama nje kidogo. Nyaya tulizitoa kwenye bawa zikiwa nyuma kidogo ya mahali ndege inaposawazika. Nilimuuliza Babu kwa nini kila kitu kinaisukuma ndege imkimbie rubani. Akajibu kwamba nyaya zinafanya kazi zikiwa zimekaza tu. Ndege isipovuta kwenda nje, nyaya zinalegea, na kishikio mkononi kinakuwa kipande cha mti. Nilimwelewa kwa upande wa ndege. Upande mwingine nilichelewa kuuelewa.

Baadaye tuliivalisha karatasi nyepesi, tukaipaka vanishi yake maalumu tabaka kwa tabaka, tukiipiga msasa katikati. Harufu yake ilitufukuza ndani, tukahamia banda la gari na kuacha mlango wazi, tumevaa makoti. Kwenye mizani ya jikoni ilitoka kilo moja na robo. Babu akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

Mafuta ya injini yalinichekesha. Ni methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, yale yale bibi yangu aliyotunywesha kwa nguvu tulipoumwa tumbo. Injini yetu, Fox 35, iliyotengenezwa Fort Smith, Arkansas, haitaki mchezo na mafuta hayo. Ukiyapunguza, inaungua.

Sasa nifike kwenye deni langu.

Babu alitwambia mapema kwamba Nobler si ya kujifunzia. Alikuwa na ndege ngumu ya zamani, yenye kiwiliwili cha ubao bapa, ya kuangushwa na wanafunzi. Kuanzia Machi, kila Jumamosi, kijana alikwenda naye uwanjani. Alizunguka mpaka kizunguzungu kikamwisha, akajifunza kupanda, kushuka na kutua. Mimi nilikwenda mara mbili tu. Siku nyingine nililala.

Jumapili ya mwisho ya Aprili tukaipeleka Nobler uwanjani, mbali na nyaya za umeme, maana waya wa chuma ukigusa umeme ni kifo. Tulizivuta nyaya kwa nguvu ya mara kumi ya uzito wa ndege kuhakikisha hazikatiki. Babu alikaa kwenye kiti chake pembeni. Kijana akauliza, "Nani anarusha?"

Nikasema, "Mimi. Mimi ndiye baba."

Hakubisha. Akaenda kushika ndege. Kishikio kilikuwa kimelala kwenye nyasi, na kijana alikuwa amekifunga utepe mwekundu upande wa juu. Nilikiokota, nikavaa kamba ya usalama mkononi, nikakaza nyaya. Injini ikawashwa. Kijana akapiga kelele, "Baba, jaribu mkia kwanza!" Nikampungia mkono wa kushoto: achia! Akapiga kelele tena. Nikamwonyesha ishara ile ile, kwa hasira sasa.

Akaachia.

Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikanyanyuka yenyewe. Ilikuwa inapanda, nikaishusha kidogo. Ikapanda zaidi. Nikaishusha kwa nguvu. Ikasimama wima, ikapinduka juu yangu, ikaja chini na kuchimba ardhi. Haikuchukua hata sekunde nne. Miezi mitano ya Jumapili.

Utepe mwekundu ulikuwa chini. Nilikuwa nimekishika kishikio kichwa chini, na kila nilichokiamuru kilikwenda kinyume. Kama ningekubali kujaribu mkia kama mtoto alivyosema, tungeliona kosa ndege ikiwa bado mikononi mwake.

Njiani kurudi hakuna aliyesema neno. Nyumbani nilimwambia nitanunua pangaboi jipya na mbao nyingine. Akasema, "Sawa, Baba," akaingia chumbani.

Mama watoto aliniuliza, "Umemwomba samahani?"

"Nimemwambia nitanunua vifaa."

"Hiyo ni risiti," akasema. "Nimekuuliza samahani."

Akina baba wenzangu, mnajua ugumu wa neno hilo. Mimi sikuwahi kulisikia kwa marehemu baba yangu, na nilimpenda na kumheshimu hivyo hivyo. Tulilelewa tukiamini kwamba baba akimwomba mtoto samahani, heshima inavuja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nilikwenda kazini usiku ule na sikupata raha. Nilikuwa nasogeza mizigo huku nasikia ile sauti: Baba, jaribu mkia kwanza.

Asubuhi sikulala. Nilimsubiri mlangoni akiwa na begi lake, nikamwambia: "Mwanangu, jana ulinionya mara mbili na ulikuwa sahihi. Sikukusikiliza kwa sababu ni wewe uliyesema. Angesema Babu, ningesimama. Nisamehe."

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Bawa la kushoto halijavunjika. Nililiangalia jana usiku." Halafu akakimbilia basi.

Tulitengeneza kwa wiki tatu. Pua tuliijenga upya kwa mbao ngumu zaidi, tukaunga mkia, tukabandika viraka vya karatasi. Ndege imeongezeka uzito kidogo na kiraka kimoja kinaonekana kabisa. Kijana amekataa kukifunika kwa rangi.

Jumapili iliyopita tulirudi uwanjani. Safari hii mimi nilishika ndege, yeye akaenda katikati. Aliinua kishikio, nikaangalia mkia, nikampigia kelele, "Juu ni juu!" Akanipa ishara, nikaachia. Iliruka mizunguko mingi, mita moja na nusu kutoka ardhini, injini ikinguruma kwa sauti nzito. Kisha akaipandisha, mlio ukabadilika ukawa mkali, na ndege ikachora duara moja safi hewani. Moja tu. Alipotua magoti yalikuwa yanamtetemeka, na Babu alikuwa amesimama kutoka kwenye kiti chake. Usiku huo Babu alimpigia simu mwanawe. Waliyoongea hayatuhusu.

Tumepanga Julai twende Muncie, Indiana, si mbali na hapa, kuwaona mabingwa wakishindana. Nimekwisha kuomba ruhusa kazini.

Mzazi mwenzangu, huhitaji balsa wala injini. Huko nyumbani kuna magari ya waya, kuna tiara za karatasi na vijiti, kuna redio mbovu ya kufungua na kufunga. Tafuta kazi moja ya mikono isiyoisha siku moja, kaa na mwanao meza moja, na mwache afanye sehemu anayoiweza kuliko wewe. Usiogope akivuta kwenda nje, ni umri wake. Wewe kaza upande wako bila kumkata. Na akikwambia jaribu kwanza, jaribu. Kama ulikwisha kukosea, lile neno lina herufi nane tu, na mimi ni shahidi kwamba heshima haivuji.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.