Motokaa ya Kujiundia Isipowaka

Mtu aliyejiundia motokaa nyumbani, stata ikilia "tak" kisha kimya, hukimbilia kununua betri mpya. Naona huko ni kupoteza fedha. Kwanza aipime: ikionyesha volti 12.6 imejaa, isilaumiwe upesi. Atazame njia ya kurudia umeme. Bodi ya faibaglasi, kama ile ya Lotus Elite iliyoonyeshwa London mwaka 1957, haipitishi umeme. Nayo injini hukalia mipira. Basi waya mnene utoke betri hadi fremu, mwingine utoke injini hadi fremu, na rangi ikwanguliwe hapo mpaka chuma king'ae. Waya huo wa injini ukikosekana, umeme waweza kupitia kebo ya akselereta ukaiunguza. Mdharau mwiba mguu huota tende.