Tuanzie kaunta ya polisi, jina litafuata

Haya ni maoni yangu juu ya Jeshi letu la Polisi. Nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo kwa miaka mingi mpaka nilipostaafu. Kila asubuhi nilikuwa nikiwaona askari wakiingia na majalada kwapani, na nyuma yao watu waliowakamata. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyaokota barazani.

Wananchi wengi wanakumbuka kwamba Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ilikabidhi ripoti yake Julai mwaka huo huo. Mengi yalipendekezwa, na karibu yote yalikuwa ya maana. Lakini tangu hapo nikiwasikiliza watu wakijadili, naona wengi wamelishika lile moja tu, kwamba neno “Jeshi” liondoke na polisi waitwe chombo cha huduma. Sina ugomvi na jambo hilo. Polisi wa nchi hii walianzishwa na Waingereza mwaka 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, na sheria inayowaongoza mzizi wake ni wa mwaka 1939. Mkoloni hakuwaweka wale askari ili wamhudumie babu yangu. Aliwaweka ili babu yangu alipe kodi na anyamaze. Jina la namna hiyo likibadilika, nani atalia?

Ila wenzetu wa Kenya wamekwisha tangulia kubadilisha jina. Katiba yao ya mwaka 2010 iliwafanya polisi kuwa Huduma ya Taifa ya Polisi, tena kwa maandishi mazuri kabisa. Pamoja na hayo, Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga muswada wa fedha, walipigwa risasi na watu wengi wakafa. Jina lilikuwa jipya, bunduki ni ile ile na aliyeishika kafundishwa vile vile. Ndiyo maana nasema, kama fedha ni kidogo na muda ni mfupi, tusianze na vibao na mihuri.

Tuanze na kaunta. Mwananchi wa kawaida hamjui Inspekta Jenerali wala Kamishna. Polisi kwake ni yule askari mmoja aliyekaa nyuma ya meza ndefu usiku wa manane. Mama anafika ameumizwa na mumewe, anataka fomu ya PF3 akatibiwe. Anaambiwa fomu zimekwisha, akatoe nakala dukani. Saa nane ya usiku duka gani limefunguliwa? Mzee kaibiwa ng'ombe, anataka RB, anaulizwa kama ana mafuta ya pikipiki ili askari afike kwenye tukio. Vituo vingi vimebandika ukutani tangazo kwamba dhamana ni bure, na chini ya tangazo hilo hilo mdhamini anaulizwa kwa sauti ya chini “amekuja vipi”. Mtu aliyepita mara moja katika kaunta ya namna hiyo hatarudi tena kutoa habari za jambazi anayeishi mtaa wa pili. Kisha viongozi wanakuja mkutanoni kulalamika kwamba wananchi hawatoi ushirikiano!

Nyuma ya kaunta kuna lokapu, na hapo ndipo penye uzito wa barua yangu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama haiwezekani, apewe dhamana, isipokuwa kosa liwe zito. Sheria hiyo ina umri wa kuoa na kuzaa. Lakini jirani yangu mmoja, fundi seremala, alikamatwa Ijumaa jioni kwa ajili ya deni la mbao. Deni, Ndugu Mhariri! Deni ni madai, mahali pake ni mahakamani kwa hati ya madai, siyo rumande. Akalala ndani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi mdai wake alilipwa nusu na ndugu wa fundi, naye akaachiwa pasipo kuandikwa popote kwamba aliwahi kuwemo. Sitaji kituo, kwa sababu najua kwamba msomaji wa Kigoma na msomaji wa Mtwara kila mmoja atadhani nasema cha kwake. Ijumaa jioni ndiyo siku ya kukamatana nchi nzima, na kila mwenye kisa na mwenzake anaijua.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kesi zisipelekwe mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Nia yake ilikuwa njema, maana sisi makarani tulichoka kuandika “upelelezi haujakamilika” mwezi baada ya mwezi na mshtakiwa anaoza gerezani. Lakini mkamataji hakuzuiwa kukamata kwanza na kutafuta ushahidi baadaye, na huyo aliyekuwa akingojea gerezani sasa anaweza kungojea kituoni, mahali ambapo hakimu hamwoni. Afadhali gereza lina daftari la mahabusu na bwana jela wa kuulizwa.

Nitakachosema sasa askari watakifurahia, na ni haki yao. Konstebo tunayemlaumu ametoka kulala wapi? Nimeziona kota ambazo familia mbili zinatenganishwa na shuka, na nyingine ni bati tupu juu mpaka chini, mchana huwezi kukaa ndani. Anapewa jalada bila karatasi, tukio bila gari, na mshitakiwa wa kumlisha bila chakula. Akinunua karatasi kwa fedha yake, atairudisha kwa nani? Simtetei mla rushwa. Nasema tu kwamba ukimwajiri mtu kazi ya watu wawili na kumpa vifaa vya nusu mtu, usishangae akijilipa mwenyewe. Makadirio ya fedha yakija Bungeni, ningependa kuona karatasi, mafuta, nyumba na mafunzo ya upelelezi vikitangulia mbele ya magari ya maji ya kuwasha. Tena hao wapelelezi wapunguziwe majalada, na askari watolewe barabarani. Kila kona ya barabara kuu utawakuta watatu wamevaa meupe, lakini kituo cha kata hakina mtu wa kwenda kupima alama za nyayo za mwizi.

Limebaki la nani amchunguze polisi. Vijana wengi hawalijui jambo lililotokea mwaka 1977. Watu walikamatwa Shinyanga na Mwanza wakati wa msako wa wauaji wa vikongwe, wakateswa na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtu wala hakuamuru mtu aguswe, lakini alijiuzulu kwa kuwa walio chini yake ndio waliofanya. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Tangu hapo tumekuwa na mambo mengine. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa Dar es Salaam, ikatangazwa kwamba ni majambazi. Ilibidi Rais Kikwete aunde Tume ya Jaji Kipenka ndipo ikajulikana kwamba hawakuwa majambazi. Septemba 2012 mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, wilaya ya Mufindi, akiwa kazini, na askari mmoja akafungwa miaka 15 mwaka 2016. Baada ya vurugu na vifo vya siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na siku zilizofuata, imeundwa Tume nyingine, na mwenyekiti wake ni Jaji Othman yule yule.

Angalieni mtindo wenyewe. Likiwa jambo kubwa, Tume. Likiwa la fundi seremala, hakuna kitu, isipokuwa umwendee mkuu wa kituo kumshtaki askari wake, ambaye wamekula pamoja asubuhi hiyo. Tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyochukua nafasi ya ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanza mwaka 1966, nayo ni jambo la kujivunia. Lakini kazi yake kubwa ni kuchunguza na kupendekeza, na ina wizara zote na idara zote za kutazama. Wakenya, pamoja na yote niliyosema juu yao, wana mamlaka huru ya kusimamia polisi kwa sheria ya mwaka 2011, yenye wapelelezi wake wenyewe wasiovaa sare. Haikuzuia yote, lakini imepeleka askari mahakamani. Sisi nacho tunakihitaji, kiwe na ofisi mikoani, na kiwe na haki ya kuingia lokapu yoyote saa yoyote bila kupiga hodi wala kutoa taarifa siku tatu kabla.

Kwa hiyo naomba Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi itujibu hapa hapa gazetini mambo mawili. Kwanza, ni lini kila kituo kitakuwa na daftari la mahabusu ambalo hakimu wa karibu atalikagua kila Ijumaa kabla ya jua kuchwa na tena Jumatatu asubuhi? Hilo halihitaji mkopo wa nje, ni daftari na hakimu mwenye miguu. Pili, muswada wa chombo huru cha kusimamia polisi utasomwa katika mkutano upi wa Bunge? Kuhusu jina jipya na rangi ya sare, sisi wa huku tunaweza kusubiri.

Karani Mstaafu,
Kihonda, Morogoro.