Mtaka shahada ya uchumi asikwepe Hisabati

Imezuka dhana miongoni mwa wanafunzi kwamba uchumi ni somo la maelezo, hivyo humfaa asiyependa hesabu. Naipinga.

Katika vyuo vikuu vyetu, anayesomea shahada ya uchumi kwa miaka minne hufunzwa nadharia za bei, fedha na mapato ya taifa. Naam, lakini nadharia hizo zimeegemea kalkulasi. Aidha, ni sharti apite takwimu na ekonometria, yaani kuzipima nadharia kwa data halisi. Akiulizwa bei ya unga ikipanda mauzo yatapungua kwa kiasi gani, porojo hazitamwokoa.

Mnamo Aprili 2025, Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kuwa Hisabati itakuwa ya lazima katika sekondari pevu, ila kwa viwango viwili: cha kina kwa wanasayansi, na chepesi kwa wengine. Sasa, anayeupenda uchumi huelekezwa mkondo wa Sayansi ya Jamii, penye kile chepesi! Walimu, mwambieni mapema. Navyo vyuo vikuu vitangaze waziwazi ni Hisabati ipi vitakayodai kundi la kwanza litakapobisha hodi mwaka wa 2029.