Mvua Isisingiziwe

Waingereza wengi wakiulizwa kwa nini hawaendi kazini kwa baiskeli, hutaja mvua. Hatukubaliani nao. London hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, pungufu kuliko Amsterdam, ambako baiskeli ni usafiri wa kila siku. Kilomita 8, mwendo wa nusu saa hivi, si nyingi kwa mtu mzima mwenye afya na koti zuri la mvua.

Kigumu ni giza. Desemba, jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na mfanyakazi hurudi nyumbani akibanwa na malori, pengine barabara ina barafu, naye hana njia yake. Hapo hata kilomita 3 ni safari ya hatari. Kwa sensa ya 2011, takriban asilimia 3 tu ya wafanyakazi wa England na Wales walikwenda kazini kwa baiskeli. Cambridge, mji tambarare uliozoea baiskeli, walikuwa karibu 3 katika kila 10. Baridi ni ileile!

Halmashauri zijenge njia zilizotengwa na magari, ziwekewe taa, na zimwagiwe chumvi wakati wa barafu kama barabara kuu zinavyomwagiwa.