Jina katika Kiwanja cha Mwingine

Wahenga waliosema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza walinena kweli kwa miji yao, ambamo mlango uliochongwa vizuri ulisifiwa na kila mpita njia, na jina la seremala likaenea mtaa hata mtaa pasipo yeye kufumbua kinywa. Lakini fundi wa leo, aliyeko Tanga ilhali mnunuzi wake yuko Mwanza, hana budi kuionyesha kazi yake mtandaoni, wala simlaumu. Kujitambulisha kwa haki si riya. Ninalolihofia ni kwamba vijana wetu wengi, wenye ari na vipaji, wanalijenga jina lao lote katika kiwanja ambacho hati yake imo mikononi mwa mwingine.

Tarehe 29 Juni 2020, baada ya wanajeshi wa India na wa China kupigana mpakani, serikali ya India ilipiga marufuku TikTok pamoja na programu nyingine 58 za Kichina. Watu waliokuwa na wafuasi kwa mamilioni, miongoni mwao wanavijiji ambao sinema za Mumbai aghalabu zisingaliwafungulia mlango, walipokonywa hadhira yao kwa amri moja, ingawa hawakumkosea mtu. Ugomvi ulikuwa wa madola, na hasara ikawa yao. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Oktoba, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa saa sita hivi, kwa kosa lililotokea ndani ya kampuni yenyewe, na mfanyabiashara ambaye picha zake, oda zake na mazungumzo yake yote na wateja yalikuwa humo hakuwa na mahali pa kuwaambia kwamba yu hai.

Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani, alipata umaarufu India kwa kuziigiza kwa midomo nyimbo za Kihindi wakati TikTok ilikwisha fungwa huko, na Instagram ikawa njia yake, hata Februari 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja yeye na dada yake Neema katika hotuba yake ya redio. Wapo wanaouita umaarufu huo bahati. Mimi naona kwamba shuka lake, mandhari ya nyumbani kwao, na bidii ya kuyafuata matamshi ya lugha ya ugenini ni mali aliyoweza kuichukua kutoka jukwaa moja hadi jingine.

Basi fundi na aonekane kote, lakini picha zake za asili azihifadhi mwenyewe. Awe na anwani yake ya mtandaoni iishiayo kwa .tz, ambayo wateja wataijua hata majukwaa yakibadilika. Nenosiri lake asimwachie rafiki, maana urafiki huvunjika. Na awe na daftari la majina na namba za wateja, zilizoandikwa kwa idhini yao na kutunzwa kama amana, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Vyuo vya VETA, vinavyomfundisha kijana kushona na kuchomelea, vingefanya hisani kubwa kumfundisha na haya kabla hajakabidhiwa cheti chake.