Anayetuimbia na Anayetubeba



Nilipata kukaa miezi mitatu katika kozi moja ya ualimu pamoja na Mfilipino mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa umri wangu. Jioni, baada ya masomo, tuliketi barazani tukisimuliana habari za kwetu. Nilitazamia kwamba angenieleza juu ya bahari, kwa maana nchi yake ina visiwa zaidi ya elfu saba. Yeye alinisimulia mambo mawili tu, akayarudia karibu kila jioni kwa namna nyingine: pikipiki iliyompeleka kazini, na mashindano ya kuimba ya televisheni.

"Asubuhi," alisema, "ninamkabidhi uhai wangu mtu nisiyemjua. Usiku ninaketi na kumhukumu mtoto nisiyemjua. Katikati ya hayo mawili ninafundisha hesabu."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini neno lile halikuniacha, na leo nataka kuliandikia, kwa sababu naona kwamba mwenzangu alishika jambo la kweli, ingawa mwishoni tuliachana katika hukumu.

Jiji la Manila, pamoja na miji iliyoungana nalo, lina watu zaidi ya milioni 13. Katikati yake hupita barabara moja kubwa iitwayo EDSA, yenye urefu wa kilomita zipatazo 24. Ndiyo barabara ile ambayo watu waliijaza mnamo Februari 1986, masista wakiwa na rozari mbele ya vifaru, baada ya Kardinali Jaime Sin kuwaita kwa njia ya redio. Siku nne zikatosha kumwondoa Marcos madarakani. Leo barabara hiyo hiyo hujaa tena kila asubuhi, ila sasa hakuna anayefurahi kuwapo. Mwenzangu alikaa upande wa kaskazini na kufundisha upande wa kusini. Kwa basi alihitaji saa mbili na zaidi. Kwa pikipiki, dakika arobaini na tano. Mtu aliye na mke, watoto na madaftari ya kusahihisha hahitaji mashauri marefu juu ya hesabu hiyo.

Ninyi mnaopanda motari kila siku hamhitaji kuelezwa jinsi abiria anavyokaza magoti. Hata hivyo desturi za kule zina upekee wake. Pikipiki za abiria huitwa habal-habal, nazo zilizoeleka kwanza katika visiwa vya Visayas na Mindanao, penye milima isiyofikiwa na gari. Huko wengine huongeza mbao pembeni mfano wa mabawa, na pikipiki moja hubeba familia nzima pamoja na mizigo yao. Zilipoingia jijini zilikuta sheria ya usafiri ya mwaka 1964, ambayo haikuacha nafasi kwa pikipiki kuchukua abiria kwa malipo. Basi kwa miaka mingi watu walisafiri kwa kile ambacho sheria ilisema hakipo.

Mwaka 2016 ikaanza kampuni iitwayo Angkas, ambayo iliwafundisha waendeshaji, ikawapa kofia ngumu za abiria, hata na kikofia chepesi cha kuvaa ndani ili nywele za mmoja zisigusane na jasho la mwingine. Mwaka 2017 serikali iliisimamisha. Kesi zikafuata mpaka Mahakama ya Juu. Mnamo Juni 2019 serikali ikakubali kufanya majaribio ya miezi sita ili ione kama pikipiki za abiria zinafaa. Majaribio hayo yakaongezwa muda, yakaongezwa tena. Miaka mitano baadaye bado yaliitwa majaribio. Mwishoni mwa 2019 ilitangazwa kwamba kila kampuni jijini ingeruhusiwa waendeshaji 10,000 tu, na Angkas ikasema kwamba watu wake 17,000 wangepoteza kazi kwa siku moja. Wakatoka barabarani kulalamika. Ilikuwa juma la Noeli.

Wakati wa ugonjwa wa Korona, mwaka 2020, hata mume na mke hawakuruhusiwa kupanda pikipiki moja pasipo kizuizi cha plastiki kati yao. Wanakula katika sahani moja, wanalala chini ya chandarua kimoja, lakini barabarani watenganishwe kwa ukuta mwembamba unaopepesuka kwa upepo! Mwenzangu alisimulia hilo kwa uchungu kuliko yote, kwa kuwa kizuizi chake kiliwahi kuvutwa na upepo wa lori, nusura waanguke.

Hayo ni ya asubuhi. Tuje kwenye usiku.

Wafilipino huimba. Sisemi kama msifu wa watu wa mbali. Mwenzangu mwenyewe alikuwa na mashine ya kuimbia nyumbani kabla hajawa na jokofu. Na tangu miaka ya 1950 nchi yake ina mashindano yaitwayo Tawag ng Tanghalan, yaani Wito wa Jukwaa, kwanza redioni, kisha katika televisheni. Mshindani huimba, na akikosea hupigiwa sahani kubwa ya shaba, naye hukatizwa hapo hapo mbele ya watu wote. Mwaka 1967 alishinda msichana wa miaka 14 kutoka Iriga, katika nchi ya Bikol. Jina lake Nora Aunor. Alikuwa mfupi, ngozi yake ya maji ya kunde, wakati ambapo sinema za kule zilitaka sura nyeupe zenye damu ya Kizungu. Utotoni aliuza maji ya kunywa kwa wasafiri katika kituo cha treni. Alikuja kuwa mwigizaji mkubwa kupita wote katika nchi yake, na mwaka 2022 akapewa cheo cha Msanii wa Taifa. Alifariki Aprili 2025, akazikwa kwa heshima ya taifa.

Mashindano yale yalifufuliwa mwaka 2016 katika kipindi cha mchana, na pembeni yake yakazuka mengine mengi. Mwaka 2014 mashindano ya watoto ya The Voice Kids yalishindwa na Lyca Gairanod, mtoto wa miaka tisa kutoka Tanza, mkoani Cavite, binti wa mvuvi, ambaye mama yake aliokota vyuma na chupa za kuuza. Watazamaji walipiga kura kwa simu. Aliyeshika nafasi ya pili, Darren Espanto, alikuwa kijana aliyekulia Kanada, mwenye sauti iliyofundishwa vizuri, na nchi nzima iligawanyika: wengine walisema sauti imeshinda, wengine walisema umaskini umeshinda.

Hapo ndipo mwenzangu alipokaza kauli. Yeye pia alipiga kura usiku ule. Alimpigia mtoto wa mvuvi, tena mara tatu, na alilia mbele ya watoto wake. Asubuhi yake mwendeshaji wa habal-habal alimwomba amwongezee kidogo kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa, naye akamkatalia. Alishuka, akaingia darasani, na katikati ya somo la kugawanya ndipo alipokumbuka kwamba mtu yule naye alimwambia, kabla hawajaondoka, kwamba ana binti wa miaka tisa.

"Kwa nini yule nimlilie na huyu nimbanie?" aliniuliza. Naye alijijibu: kwa sababu mmoja ameonyeshwa akiwa ndani ya nyumba yake, taa nzuri zikimwangaza, muziki wa polepole ukipigwa, na mwingine alimwonyesha mgongo tu. Kwa miaka mingi ameona migongo ya watu mia kadhaa. Siku hizi jina la mwendeshaji hutokea kwenye simu, lakini hudumu kadiri ya safari, kisha hufutika. Mabingwa wote wa kuimba anawajua kwa majina, na mwaka wa kila mmoja.

Kutokana na hayo alihitimu kwamba mashindano hayo ni udanganyifu, yafungwe. Hapo mimi sikumfuata, wala simfuati leo.

Kwanza, sauti ya kuimba si uongo. Mtoto aliyeimba vizuri ameimba vizuri, hata kama waliomwonyesha walitafuta faida. Nora Aunor hakupewa kipaji na televisheni. Televisheni ilikuwa mlango, na mlango ule ulipofunguka nchi nzima ilijifunza kwamba uso wa rangi yake unaweza kutazamwa. Hilo si jambo dogo. Tena wapo walioanguka katika jukwaa lile wakasimama penginepo: Sofronio Vasquez, daktari wa meno kutoka Mindanao, hakupata taji la Tawag ng Tanghalan, akahamia Marekani, na Desemba 2024 akashinda mashindano ya The Voice ya huko, Mfilipino wa kwanza kufanya hivyo.

Pili, jukwaa lenyewe halikuwa na usalama kuliko pikipiki. Mnamo Mei 2020 kituo cha ABS-CBN, kilichorusha mashindano hayo, kilizimwa kwa sababu kibali chake cha miaka 25 kilikwisha, na Julai kamati ya wabunge ikakataa kukitoa upya, 70 dhidi ya 11. Basi mwimbaji na mwendeshaji, wote wawili, hungojea karatasi ya mkubwa.

Kosa, kwa maoni yangu, liko katika sehemu ile inayotangulia wimbo. Ninawaomba mniangalie hapo kwa makini, maana hata sisi tumeanza kuiga. Kabla mshindani hajafungua kinywa, huonyeshwa paa lake linalovuja, godoro lake, kaburi la baba yake. Mama huulizwa maswali mpaka alie. Ndipo mtoto anapoimba. Umaskini umegeuzwa kuwa tiketi ya kuingilia, na mtu mwenye shida isiyopendeza machoni hana tiketi. Mtazamaji naye amefundishwa jambo la hatari, nalo ni kwamba huruma ni kitu cha kuhisi kwa dakika nne, kisha linakuja tangazo la sabuni. Machozi hayo hayaendi popote. Nyumba moja itajengwa, ya mshindi. Jirani zake watabaki na paa zao.

Mwendeshaji wa pikipiki hawezi kusaidiwa na machozi ya namna hiyo, hata kama tungempiga picha nyumbani kwake. Hatuwezi kumpigia kura mmoja na kuwaacha 17,000. Anachohitaji ni kitu kikavu kisicho na muziki: sheria inayomtambua, bima, njia yake barabarani, mahali pa kujikinga na mvua. Mambo hayo huletwa na watu wenye subira ya kusoma miswada na kumwuliza mbunge swali lile lile kwa miaka mitano. Kazi hiyo haina shangwe. Ndiyo maana, nadhani, ni rahisi kupata vijana mia wa kwaya kuliko watano wa kamati ya haki. Na mimi niliyefundisha kwaya miaka mingi nasema hivyo bila kumcheka mtu.

Mwenzangu alinijibu kwamba nimeongea kama mwalimu. Nilimwambia kwamba yeye pia ni mwalimu, tena anadaiwa nauli. Tukanyamaza kidogo.

Kisha akanisimulia jambo la mwisho. Manila mvua ikinyesha, waendeshaji husimama chini ya madaraja ya waenda kwa miguu katika EDSA, mamia kwa mamia, pikipiki zikiziba njia. Mwaka 2023 wakuu wa jiji walitangaza faini kwa wanaojikinga hapo, kwa kuwa magari yanaweza kuwagonga; waliambiwa waende kwenye vituo vya mafuta, na vituo ni vichache. Kabla ya faini hiyo, usiku mmoja yeye na mwendeshaji wake walisimama chini ya daraja pamoja na wengine wapatao thelathini. Mmoja alikuwa na simu, na kwenye simu kulikuwa na fainali ya mashindano. Walikusanyika, makoti ya plastiki yakitiririka maji, wakamzunguka mwenye simu kama wanavyoota moto. Hakuna aliyesema neno mpaka wimbo ulipokwisha. Waliogawanyika juu ya mshindi walibishana kwa furaha, mmoja akaimba kiitikio kwa sauti nzuri kuliko ya yule wa kwenye simu, na wote wakampigia makofi. Mwingine akagonga kofia yake ngumu kwa ufunguo, mfano wa ile sahani ya shaba, wakacheka.

Mvua ilipungua. Mwendeshaji wake alifuta kiti kwa mkono wa koti, akamwuliza kama atavumilia manyunyu. Alivumilia. Walipofika alilipa nauli, akaongeza noti moja, na safari hii akamwuliza binti yake anaitwa nani.