Mastaa na Kasuku wa Kupigia Picha: Wazazi wa Mpanda, Msiingie Mkenge!

Leo tuna ugomvi kidogo na baadhi ya mastaa wetu. Majina tunayaweka kapuni, ila wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Kuna fasheni imeingia mjini. Staa wa muvi anatupia picha yuko sebuleni, mwanawe wa miaka mitatu mapajani, kasuku begani. Kesho yake msanii wa Bongo Fleva anajibu mapigo: yeye ana kasuku wawili, na mtoto anawalisha chipsi. Mashabiki wanamwaga makopakopa, "jamani raha", "na mimi namtaka kama huyo". Haipiti wiki, mama kijana wa Makanyagio au baba wa Kashaulili anauliza kwenye grupu la WhatsApp: "Natafuta kasuku mpole wa kukaa na watoto, anapatikana wapi?" Wajuaji hawakosi. "Chukua paionasi. Hana makelele, haumi, ndiye kasuku wa familia."

Sisi tunasema hivi, na tunasema kwa herufi kubwa: KASUKU SIYO TOI YA MTOTO. Awe paionasi, awe kasuku wa kijivu, awe yule wa kwenye boksi unayeletewa mlangoni.

HUYO PAIONASI NI NANI?

Tuwe wakweli, sifa zake si za uongo zote. Paionasi ni kasuku wa Amerika ya Kati na Kusini, mfupi, mnene kiasi, mkia wake una wekundu kwa chini. Ukimlinganisha na kasuku wengine wakubwa, huyu ni mtulivu kweli. Hapigi kelele za kuamsha mtaa mzima, wala hang'ang'anii mtu mmoja kwa wivu kama wengine.

Ila mtulivu kwa kasuku siyo sawa na mtulivu kwa sungura. Paionasi akiogopa anahema kwa kukoroma kama mgonjwa wa pumu, na wafugaji wapya huwa wanakimbia huku na huko wakidhani anakufa. Sasa fikiria nyumba yako yenye watoto wawili chini ya miaka mitano, katuni kwenye TV, mpira unagonga ukuta na majirani wanaingia na kutoka. Huyo ndege atahema mpaka lini?

Halafu umri. Akitunzwa vizuri, paionasi anaweza kuishi zaidi ya miaka 25. Mwanao ana miaka mitatu leo. Atasoma, atamaliza chuo, pengine ataoa, na ndege bado yuko kwenye tundu lako anadai chakula. Wangapi kati yetu tuna uhakika wa kukaa nyumba moja ya kupanga hata miaka mitano?

MDOMO NA KIDOLE

Mdomo wa kasuku uliumbwa kupasua mbegu ngumu. Kidole cha mtoto ni nini mbele yake? Na ndege haumi kwa sababu ni mbaya. Porini yeye ni wa kuwindwa, kitu kikimjia ghafla kutoka juu anajua ni mwewe. Mtoto wa miaka mitatu hujia kila kitu ghafla, kwa mikono miwili.

Na hatari inakwenda pande zote mbili. Ndege hana ule msuli wa kupumulia tulio nao sisi chini ya mapafu. Anapumua kwa kupanua na kurudisha kifua. Mtoto akimkumbatia kwa upendo na kumbana kifua, anamnyima pumzi. Ndege anafia mikononi mwa mtoto aliyekuwa anamwambia "nakupenda". Mastaa, hiyo picha mtaitupia?

Kuna na ugonjwa, homa ya kasuku. Vijidudu vyake vinakaa kwenye kinyesi na vumbi la manyoya, mtu akivuta hewa hiyo anaweza kupata nimonia. Unatibika, lakini daktari lazima aambiwe kwamba nyumbani kuna ndege. Wangapi watakumbuka kusema?

JIKO LETU NA MAPAFU YAKE

Hapa ndipo ushauri wa kukopi mtandaoni unapogonga mwamba. Wengi wetu Mpanda tunapikia mkaa, na mvua ikinyesha jiko linaingizwa ndani. Mapafu ya ndege ni mepesi mno kwa moshi na hewa chafu. Hata wenye gesi hawajapona: kikaango kile kisichoshika chakula kikiachwa motoni mpaka kiungue, mvuke wake unaua ndege ndani ya muda mfupi, huku wewe mwenyewe hujasikia chochote.

Chakula nacho. Parachichi tunalompa mtoto asubuhi ni sumu kwa kasuku. Chokoleti ni sumu. Chipsi zenye chumvi zinamuumiza. Umfundishe mtoto wa miaka mitatu asigawane chakula na rafiki yake? Ndiyo kwanza umemfundisha kugawana!

NANI ANASAFISHA TUNDU?

Hili mastaa hawalisemi kabisa. Kasuku anakula, anatapanya na anachafua kila siku. Anahitaji kutolewa nje ya tundu, kuongeleshwa na kupewa vitu vya kutafuna. Akipuuzwa anaanza kujing'oa manyoya mwenyewe mpaka kifua kinabaki ngozi tupu.

Baba yuko kazini, mama yuko dukani, mtoto ameshachoka naye. Kazi inamwangukia dada wa nyumbani, yuleyule anayefua, anayepika na anayelea, kwa mshahara uleule. Akiumwa kidole ni shauri yake. Ndege akifa analaumiwa yeye. Kama unataka kasuku, anza kwa kujibu hilo: ni wewe utakayeamka saa kumi na mbili kusafisha kinyesi, au umeshampangia mtu mwingine bila kumuuliza?

ANATOKA WAPI?

Sasa tufike kwenye kiini. Paionasi hazaliwi kwenye misitu yetu. Wa halali lazima awe na karatasi zake, kwa sababu karibu kasuku wote duniani, paionasi akiwemo, wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini. Kwa hiyo mtu akikwambia mtandaoni "ninaye paionasi, tuma nusu ya hela, mzigo unakuja na treni ya Tabora", uwezekano ni miwili.

Wa kwanza, umepigwa. Utapeli wa kasuku wa mtandaoni uko dunia nzima: picha nzuri, bei ya kutupa, hela ya usafiri, hela ya chanjo, halafu namba haipatikani.

Wa pili ni mbaya zaidi: unaletewa ndege kweli, ila ametolewa porini. Miombo ya upande wetu huu ina kasuku wake. Yupo mdogo, mgongo na kichwa rangi ya kahawia, tumbo la kijani-buluu, begani ana njano. Anaitwa kasuku wa Meyer. Anataga kwenye matundu ya miti mikubwa, na anayetafuta makinda yake anafuata tundu hilohilo, wakati mwingine kwa kuangusha mti mzima. Huyo ukiuziwa kwa jina la paionasi, utajuaje?

Sheria inajua. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na kukaa na mnyama wa porini bila kibali ni kosa. "Niliuziwa tu" haikutoi mahakamani.

Na msidhani ni ndege mmoja mmoja tu. Tanzania tuna historia. Wale kasuku wadogo wa Fischer wenye uso wa rangi ya chungwa, wa kule Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, walikamatwa na kuuzwa nje kwa wingi mno, mpaka mwaka 1987 wakawa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa zaidi duniani. Kasuku wa kijivu naye mwaka 2016 ilibidi CITES imuweke daraja la juu kabisa la ulinzi. Mwaka huohuo serikali yetu ikafunga usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 lilipotoka tangazo la kulegeza, wananchi wakapiga kelele na likasitishwa ndani ya siku chache. Tulipiga kelele wasipelekwe kwa Wazungu. Sasa tuwafungie sisi wenyewe Nsemulwa kwa ajili ya kiki?

MTASEMA TUNA WIVU

Najua povu linakuja. "Mbona kuku mnafuga?" Kuku amekaa na binadamu maelfu ya miaka, kasuku wako mama yake au bibi yake alikuwa msituni. "Mbona Wazungu wanafuga na watoto wao?" Wanafuga, na huko kuna vituo vizima vya kupokea kasuku waliochokwa na wenyewe. "Mtoto atajifunza kupenda wanyama." Sawa, lakini kwa kumwona kiumbe mwenye mabawa amesimama kwenye fito miaka 25, anajifunza kupenda au anajifunza kufungia?

Unataka mtoto akue na wanyama? Mpe kuku wa kienyeji wawili aokote mayai. Mjengee njiwa kibanda, wanaruka na kurudi wenyewe. Sungura pia. Na siku ya mapumziko panda naye gari hadi Sitalike, hata kilomita hamsini hazifiki kutoka mjini, msimame pale mto Katuma muangalie viboko. Mkiwa chini ya miti, tegeni sikio. Mkisikia mlio mkali wa juu na kuona ndege wawili wanapita kasi wakiwa pamoja, mwambie mwanao: wale ndio kasuku, na wana kwao.

Kwa aliye mtu mzima, asiye na watoto wadogo, mwenye muda, hela na karatasi zote mkononi, tutaongea siku nyingine. Leo naongea na mwenye mtoto wa miaka mitatu na simu yenye picha ya staa.

Na wewe staa wa kapuni, tuna swali moja. Yule kasuku wa begani, mbona miezi imepita hatumuoni tena? Mashabiki wako walionunua wa kwao wanastahili jibu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani yuko na sisi, nani anabisha? Shusha maoni yako hapo chini, matusi pembeni.